Uliza Mchoraji: "Nijiunge nao, au nichore peke yangu?"

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kikundi cha wasanii kinamsaidiaje msanii, na kinaharibikia wapi. Nimechagua nne. Mimi nimechora na kuuza picha Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na muda mwingi nimekuwa na wenzangu tunaofanya kazi barazani kwa mmoja wetu, Kinondoni. Kwa hiyo mjue mapema kwamba nina upande. Naamini mchoraji anahitaji wenzake, watu wa kuitazama kazi yake kabla mnunuzi hajaitazama na kumwambia kweli. Kikundi kisichofanya hivyo sina haja nacho, hata kiwe na muhuri na katiba.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na usiku nachora. Nachora wanawake wa sokoni, wauza mihogo na wasuka ukili. Nimeuza picha chache tu, tena kwa watu wanaonifahamu. Kuna wachoraji sita wanaokutana kila Jumamosi nyuma ya karakana ya fundi fremu, wamenikaribisha. Wote ni wanaume, na wawili wamenizidi sana kwa ustadi. Naogopa wataiga mtindo wangu, na naogopa pia kwamba nitaanza kuchora kama wao bila kujijua. Dada yangu anasema niache, vikundi ni vya kupoteza muda na kuchangishana. Wewe unasemaje? Mwalimu, Tanga

Marahaba, mwalimu. Nenda Jumamosi hii hii. Usijiandikishe wala usitoe mchango. Beba picha yako moja na daftari la kuchorea, kaa nao mpaka wafunge, ndipo uamue.

Nianze na hofu ya kuigwa, maana ndiyo inayowafungia wachoraji wengi vyumbani. Hapo kwenu Tanga alipita kijana mmoja wa Tunduru akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kabla hajahamia Dar es Salaam. Alikuwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa mwaka 1932. Mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli, akawa anauza picha zake Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliofika pale kununua mahitaji yao. Hakujificha na ujuzi wake. Aliwaita vijana wa ukoo na marafiki, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah, wakakaa karibu naye wakimwona anavyopaka rangi ya chini na anavyovuta mstari. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu.

Hesabu mwenyewe: alichora kwa miaka minne tu. Angekuwa amechora peke yake chumbani, nani angemjua leo? Wale vijana hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kuuza palepale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika kilichosajiliwa. Jina la mtu mmoja likageuka jina la mtindo unaotambulikana duniani. Na walioanza kwa kumwiga hawakubaki wote vivuli vyake. Simon Mpata alikwenda Nairobi akachora kwa mkono wake mwenyewe, na picha zake zikapendwa sana Japani.

Upande wa pili nao sikufichi. Ukipita kwenye vibanda vya Tingatinga leo utaona tembo yuleyule, twiga yuleyule na Kilimanjaro ileile mara nyingi mno. Mgeni aliomba hivyo, mchoraji wa kwanza akauza, wa pili akafuata. Hofu yako ya kuchora kama wenzako ina msingi, na nadhani ni nzito kuliko ile ya kuigwa. Kinga yake ni kuingia kikundini ukiwa na kitu chako unachokishughulikia kila siku. Wewe unacho tayari: hao wasuka ukili. Shikilia mikono yao. Chora vidole vinavyokunja jani mpaka wenzako wakimwona msuka ukili popote wakukumbuke wewe. Sisi barazani tuna sharti kwamba mtu hagusi mada ya mwenzake mpaka amwombe, na huombwa mbele ya wote. Waulize hao wa Tanga kama wana sharti la namna hiyo. Kama hawana, lipendekeze.

Pamoja na hayo weka saini na tarehe kila kazi, ipige picha kabla haijatoka nyumbani, na zile unazozithamini zaidi zisajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kusajili hakumzuii mwizi, ila siku ya kudai kunakupa pa kusimama.

Sasa faida ambayo dada yako haioni. Karatasi nzima ya hadibodi ni futi 4 kwa 8. Ikikatwa vizuri inatoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, na ndicho kipimo cha picha nyingi za Tingatinga mwenyewe. Mtu mmoja anayechora usiku baada ya kusahihisha madaftari hana haraka ya kumaliza vipande vinane, lakini watu saba wanagawana karatasi moja siku hiyohiyo na bei inashuka kwa kila mmoja. Rangi ya mafuta ni hivyohivyo. Ukifungua kopo, baada ya siku kadhaa juu panaganda utando mgumu kama ngozi ya maziwa. Unautoboa, unachota chini yake, kesho utando mwingine, na kila unapotoa utando unatupa pesa. Kopo la bluu linalopita mikononi mwa watu saba linakwisha kabla halijaganda.

Kubwa kuliko hilo ni kuuza. Mchoraji akisimama mbele ya mnunuzi na kazi yake mwenyewe, ama ananyamaza kwa haya au anapunguza bei kabla hajaombwa. Wanawake tunaumia zaidi hapo, maana tumelelewa kutojisifu. Kwa hiyo barazani kwetu mgeni akifika, mwenye picha haongei, anaongea mwingine. Mwenzangu mmoja, mtu mpole ambaye akiuza yake hutazama chini, namsikia akiieleza picha yangu mpaka na mimi naiona upya. Anamwonyesha mteja kwamba kanga ya mama yule nimeipaka kwa tabaka tatu, na kwamba ule wekundu wa pindo umerudiwa kwenye samaki kule mbali. Mimi nisingethubutu kusema hayo hata kwa kulipwa.

Na oda zipo ambazo peke yako huwezi kuzipokea. Mwenye nyumba ya wageni anataka picha za vyumba 20 kabla ya msimu wa Juni. Mwalimu wa shule ya msingi atazichora lini? Mkiwa saba mnazipokea, mnagawana vyumba, na kila mtu anaweka saini yake. Meza kwenye maonesho ya Sabasaba ni hivyohivyo: kodi yake inamshinda mmoja na inawezekana kwa wengi, na wakati wawili wanauza, wengine wanachora palepale mbele ya watu. Hakuna kinachomsimamisha mpita njia kama brashi inayotembea.

Kuhusu michango, dada yako ana haki ya kuuliza. Omba kuona daftari la hesabu, na uliombe kwa adabu. Wakikuonyesha nani alitoa nini na kimenunuliwa nini, tulia nao. Wakikuambia "tutakuonyesha baadaye", endelea kuwa mgeni wao wa Jumamosi lakini pesa yako iache mfukoni.

Na angalia nani anatengeneza chai. Ukiona wiki zinapita na birika liko mkononi mwako kila Jumamosi huku brashi zikiwa mikononi mwa wengine, sema mapema na useme wazi. Umekwenda pale kuchora. Wale wawili waliokuzidi, kaa karibu nao, watazame wanavyochanganya rangi ya ngozi, uulize mpaka waelewe kwamba umekuja kujifunza.

Asalaam aleikum mama. Sisi ni wachoraji wanane tumepanga duka moja Mji Mkongwe, Zanzibar. Mgeni akiingia, anatajiwa bei na mmoja, anatoka. Hatua kumi mbele anamkuta mwenzetu mwingine ana picha kwenye simu, anampa kwa nusu. Wawili hawasemezani tangu Ramadhani. Kodi ya duka sasa tunalipa watatu tu, wengine wanasema hawajauza. Wakubwa wanatuambia kikundi kimekufa, tugawane vitu. Nakuuliza, tuvunje? Mmoja wa wanane

Waaleikum salaam, mwanangu. Msivunje kabla hamjakaa chini na karatasi moja. Kwa barua yako, kikundi hakijafa. Ninachokiona ni kwamba hakijawahi kuandikiana masharti, na watu wanane wenye mahitaji tofauti wakauza kitu kimoja bila masharti watafika hapo mlipofika nyinyi, hata wawe ndugu wa tumbo moja.

Karatasi yenyewe iseme hivi. Kila kipimo cha picha kina bei ya chini ambayo hakuna mwanachama anayeshuka chini yake, awe dukani, barabarani au kwenye simu. Juu ya hapo mtu atoze atakavyo, kwa kuwa kazi hazilingani na si haki mwenye mkono mzito alipwe sawa na mwenye mkono mwepesi. Bei iandikwe nyuma ya picha kwa kalamu, pamoja na jina la mchoraji. Mgeni wa Zanzibar ameambiwa tangu uwanja wa ndege kwamba lazima apatane, basi acheni nafasi ya kupatana na mkubaliane ukomo wake. Aliye dukani apunguze mpaka hapo, asipige simu wala asilaumiwe. Akitaka zaidi, amruhusu mgeni aende. Mkishinda wiki chache za mwanzo mtaona mgeni anarudi, maana huko alikokwenda amekuta bei ileile.

Kodi itoke kwanza. Kila picha inayouzwa, iwe imeuzwa wapi, fungu lake la kikundi linaingia kwenye sanduku kabla mchoraji hajachukua chake. Hapo yule wa simu hana sababu ya kumsubiri mgeni mlangoni, kwa sababu akiuza nje anakatwa sawa na akiuza ndani. Asiyeuza mwezi huo hadaiwi kodi. Na aliye zamu dukani apewe posho kidogo kutoka kwenye sanduku, kwa kuwa siku ya zamu hachori. Hili husahauliwa sana, na ndilo linalowafanya watu wakwepe zamu, kisha wanaitwa wavivu.

Mkitaka mfano wa karibu, vukeni mtazame Changamwe, Mombasa. Wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika pale tangu mwaka 1963. Kila mchongaji ana namba, na namba hiyo iko kwenye kinyago pamoja na bei. Mteja anazunguka kwenye duka kubwa lenye kazi za watu wengi, anachukua anachokipenda, na pesa inajua inakwenda kwa nani. Mchongaji yuko kibandani na shoka lake, hahitaji kumkimbilia mtu.

Nitawasimulia na habari ya mbali, kwa kuwa yenu imenikumbusha. Wachoraji wa Ufaransa ambao leo picha zao hazishikiki kwa bei, akina Monet, Renoir, Degas, Pissarro na Berthe Morisot, walikuwa wamechoka kukataliwa na maonesho rasmi ya Paris. Desemba 1873 wakaunda chama chao, wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na mchango wake. Mwaka 1874 wakafungua maonesho kwenye studio ya mpiga picha Nadar, kiingilio faranga moja. Waliogopa kugombania ukuta mzuri, hivyo nani atundikwe wapi waliamua kwa kura ya bahati. Magazeti yakawacheka, mauzo yakawa duni, na kufika Desemba ya mwaka huohuo chama kikafungwa kwa deni: kila mwanachama alidaiwa faranga 184 na nusu.

Wangeweza kuishia hapo. Lakini kile chama kilipofungwa, watu hawakuachana. Kuanzia 1874 hadi 1886 walifanya maonesho ya pamoja mara nane. Walinuniana, Degas aliwakera wenzake, wengine walijitoa na wengine wakaingia, ila Pissarro hakukosa hata moja. Walikuwa wameanza na mchango wa kila mmoja na kura ya ukuta, na naamini ndivyo vilivyowawezesha kugombana juu ya picha badala ya kugombana juu ya pesa.

Kwa hiyo nyinyi wanane, duka mnaweza kulifunga ikiwa kodi imewashinda. Kundi msilivunje kwa sababu ya duka. Mnaweza kuendelea kuchora pamoja kwenye ua wa mmoja wenu, mkakodi meza Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara, wageni wanapojaa, kisha mkarudi dukani mkiwa na akiba.

Na wale wawili wasiosemezana, usiwasuluhishe wewe, maana wewe ni mmoja wa wanane na wataona una upande wako. Mtafuteni mtu wa nje mnayemheshimu nyote, mzee wa mtaa au fundi aliyewafundisha, aje siku mtakapokaa na hiyo karatasi. Aisome yeye kwa sauti. Kila mtu aweke saini mbele yake. Mkimaliza, kila mmoja apige picha kazi zake zote zilizomo dukani, na zile kubwa mzipeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko Zanzibar, zikasajiliwe.

Mama, mimi naishi Kasulu. Nachora mabango na picha za kawaida. Hapa hakuna wachoraji, sanaa iko Dar na Arusha. Kikundi nitakipata wapi? Na je, ni kweli serikali inatoa mikopo kwa vikundi? Kijana wa mabango

Umesema hakuna wachoraji, kisha ukasema unachora mabango. Basi yupo mmoja. Sasa tembea mjini ukiangalia kuta. Nani aliyechora vichwa kwenye kinyozi? Nani aliandika maneno nyuma ya basi? Nani anatarizi vitambaa vya makochi kwa maua aliyoyabuni mwenyewe, nani anafinyanga vyungu vyenye nakshi? Wote hao wanajua kitu ambacho wewe hujui, kuanzia mpangilio wa rangi mpaka namna ya kumdai mteja asiyelipa. Kule Kibera, Nairobi, mwaka 2001 waandika mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianza kufanya kazi pamoja, na kundi lao la Maasai Mbili likawa studio ambayo wasanii wengi wa Kibera wamepitia. Walianza na kibao na brashi kama wewe. Tafuta wawili au watatu, mkutane siku ambayo hakuna mnada.

Mikopo ipo, haina riba, na inapitia halmashauri, kwenye fungu la asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako masharti ya sasa. Ila nakuomba, msiungane kwa ajili ya mkopo. Nimeona vikundi vilivyozaliwa siku ya kujaza fomu na vikafa siku ya kugawana fedha, na deni likabaki kwa mmoja mwenye aibu. Choreni pamoja kwanza, muuziane kazi, mjue nani analipa na nani hukimbia. Hapo ndipo mtajua kama mnaweza kukopa pamoja.

Habari ya huko mama. Niko Nakuru, nachora sura za watu kwa rangi ya akriliki. Niko kwenye kundi la WhatsApp la wasanii, tuko zaidi ya mia. Nikituma kazi, napata alama za moto na makofi mpaka simu inajaa. Lakini hakuna kinachouzika, na sioni nikiendelea. Sura zangu zote zinafanana, sijui kwa nini. Kuna mtu wa kunisaidia kweli? Msichana wa akriliki

Njema, binti. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge ukurasa wote huu kwa habari ya vikundi.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hao mia hawana ubaya, wanakupenda, lakini picha wameiona kwa sekunde mbili kwenye kioo cha simu, wengine wakiwa ndani ya matatu. Akriliki ina unene, ina mahali brashi ilikokota na mahali iliteleza. Simu inavifuta vyote. Mtu anayekupa makofi amepigia makofi kivuli cha kazi yako.

Watafute watu wanne au watano unaoweza kukaa nao chumba kimoja, na kazi zenyewe ziwepo. Kundi la Banana Hill, huko kwenu kaskazini ya Nairobi, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumbani kwa mchoraji Shine Tani. Nyumba ya mtu inatosha. Sharti ni mwanga wa dirisha na muda.

Nitakueleza sisi tunavyofanya, uchukue kinachokufaa. Picha zote zinageuzwa ukutani. Inageuzwa moja. Dakika chache hakuna anayesema. Kisha kila mtu anasema anachokiona tu, bila nzuri wala mbaya: "naona mwanamke amekaa, naona jicho langu linakwenda kwanza kwenye ndoo, naona kona hii ya juu sijui ni ukuta au ni mbingu." Mwenye picha hajibu. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana ulimi unawasha, unataka kueleza kwamba ile ni mbingu. Usieleze. Picha itakapotundikwa kwa mtu hutakuwepo kuieleza.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuleta picha ya soko la samaki la Feri, kubwa, imejaa watu na beseni na mizani. Tulikuwa tunaihisi imekufa na hatujui kwa nini, mpaka dada mmoja, ambaye alikuwa mdogo kuliko sote, akasema: "Naona kila mtu ameuangalia mlango mmoja." Tukatazama. Kweli, mnunuzi, muuzaji, mbeba barafu, wote macho yao yalielekea kulia, kama wanaopigwa picha ya kikundi. Mwenye kazi alichukua kitambaa na rangi palepale, akamgeuza muuzaji amtazame mteja wake, na mteja amtazame samaki. Soko likaanza kupiga kelele. Picha ile iliuzwa, na dada yule tangu siku hiyo kila mtu anataka aketi mbele ya kazi yake.

Hakuna alama ya moto ingeliona hilo. Na nahisi kwamba sura zako zinafanana kwa jambo dogo la namna hiyohiyo: labda unachora kutoka kwenye picha za simu zilizopigwa kwa umbali mmoja na mwanga mmoja, labda kila jicho unalianzia kwa mstari uleule wa juu. Mimi siwezi kujua kutoka hapa. Watu watano waliokaa mbele ya sura zako tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu watajua kabla chai haijapoa.

Siku ya kwanza wapelekee kazi ambayo haijakamilika. Iliyokamilika watu huionea huruma, wanaona umeshachoka nayo, wanasifu yaishe. Ile mbichi wanaigusa bila woga na wewe unaweza kuibadilisha. Kisha mmoja wao akae, umchore mbele ya wengine, kwa dirisha, bila simu. Wabadilishane kiti.

Lile kundi la mia usijitoe. Nanyi mtakapokuwa na kazi kumi mnazozikubali nyote watano, fungueni mlango wa hiyo nyumba Jumapili moja, wekeni bei ukutani, kisha watumieni hao mia tarehe na ramani ya kufika. Waliokupa makofi waje waione akriliki kwa macho yao, na kila mmoja aje na mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu sanaa. Huyo wa pili mara nyingi ndiye anayetoa pesa.